Kiondo Hakirudi Kitupu

Nilimwonyesha mama picha ya sanamu kwenye simu yangu. Aliishika simu mbali na macho kama mtu anayesoma maelezo ya dawa, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, kisha akanirudishia na kwenda kumwekea ng'ombe majani. Nilimfuata mpaka zizini. Nilikuwa nimekuja kumwalika. Baada ya miaka mingi ya kutundika kazi zangu kwenye kona za maonyesho ya watu wengine, hatimaye nilikuwa nimepata ukumbi mzima, hapa hapa Nyeri, michoro yangu na sanamu zangu bila za mtu mwingine, na niliyetaka aingie kabla ya wote alikuwa yeye.

"Sitakuja," alisema, mgongo ukiwa kwangu.

"Kwa nini, mama?"

"Nikuje kuona vile watu wanaambiwa nilimwacha mama yangu peke yake?"

Nilijaribu kumweleza kwamba sanaa si kesi, hakuna anayeshtakiwa. Aliniuliza kama nimekula. Kwa mama hilo ndilo neno la kufunga mkutano. Niliteremka ile barabara ya vumbi hadi steji ya matatu nikiwa nimefura, na hasira yangu, wanaonijua watakuambia, hainiachi mapema. Nilijiambia kwamba ukweli ni ukweli. Shosho aliishi peke yake kule juu, akafa peke yake, na kama mama hataki kuliona jambo hilo likiwa limechongwa, basi hilo ni lake.

Shosho ni nyanya yangu, mama yake mama, na sanamu ilikuwa yake. Nilimchonga kutoka gogo la mukima, ule mti wa kivuli unaopandwa katikati ya mibuni, gogo lililobaki shamba lake lilipogawanywa na wajomba wakakata kila kilichosimama. Ameketi kwenye kigoda, magoti pamoja, mikono mapajani, ameuelekea ukuta. Kando yake, sakafuni, niliweka kiondo cha kweli, si cha kuchonga: kikapu cha mkonge chenye mstari wa buluu karibu na mdomo, nilichokikuta kimetundikwa msumarini nyumba yake ilipobomolewa. Viondo vya mama nilivijua vyote, na hiki sikuwahi kukiona mkononi mwake, kwa hiyo nilijua ni cha shosho. Nilikiacha kitupu. Picha niliyomwonyesha mama ilikatikia magotini, hivyo kiondo hakikuonekana. Sanamu niliiita Anayengoja, na nilipoimaliza nililia kidogo, kisha nikajipikia chai, kwa sababu nilihisi nimesema jambo nililokuwa nikilitafuta tangu nishike patasi.

Maonyesho yote yalihusu upweke. Sikuwapa watu wangu majina ya watu. Kulikuwa na Mlinzi, Msafiri, Mjane, Mchungaji, na huyo Anayengoja. Niliamini, na bado naamini, kwamba ziko sura chache tu za kale ambazo sisi sote tunazivaa kwa zamu kama makoti ya mitumba: huyu anavua, yule anavaa, na koti halina habari na jina lako. Jambo hili sikulipata darasani, nililipata nyumbani. Kwetu mtoto hazaliwi akiwa mtu mpya kabisa. Binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, wa pili huchukua la mama yake mama, na mimi ni wa pili. Tangu nizaliwe, mama yangu ananiita "mama". Mimi namwita mama, yeye ananiita mama, na mgeni akitukuta tukibishana jikoni hututazama kwa zamu, akijaribu kujua nani alimzaa nani. Utotoni jina hilo lilinifaa sana. Mama akinyanyua mwiko anichape, wanawake wa jirani walimuuliza kama kweli yeye ni wa kumpiga mama yake, na mwiko ulirudi kwenye sufuria.

Nilikaa kwa shosho miaka yangu yote ya shule ya msingi. Mama alikuwa akifua shuka katika hospitali moja mjini, akapanga chumba mtaa wa Ruring'u, chumba kimoja chenye pazia katikati, akakaa humo na ndugu zangu. Baba alikuwa mashamba ya mkonge huko chini kwenye joto, akija mara moja moja. Wajomba walikuwa wametawanyika mijini. Shosho alibaki kule mgongoni mwa kilima, mahali ambapo mashamba ya chai yanaishia na msitu unaanzia, na siku moja kabla sijaanza shule, mama alinivisha sweta mbili, akanipandisha huko, akashuka bila mimi.

Nikifumba macho sasa hivi nausikia moshi wa jiko lile. Si moshi wa kuni tu, ni moshi wa kuni mbichi za msituni, maziwa yaliyofurika, na koti la shosho lililokuwa likining'inia juu ya moto mwaka mzima. Asubuhi ukungu uliingia hata ndani ya nyumba, na ule mlima wa theluji, ambao wageni husafiri mbali kuja kuuona, sisi tuliuona kwa muda mfupi tu kabla ya kwenda shule, halafu ulijifunika kama mwenye nyumba aliyechoka na wageni. Nilijifunza kuchora pale. Sikuwa na karatasi. Nilichora kwa makaa kwenye ukuta wa ghala la mahindi, na shosho hakunikataza, ila aliniambia nisiguse upande unaoonekana kutoka njiani, watu wasije wakafikiri amelogwa. Nilimchora yeye. Nilimchora akimenya viazi, akipepeta maharagwe, akiwa ameketi tu. Siku moja alikuja kuangalia, akauliza, "Na wewe uko wapi hapa?" Nikamjibu kwamba mimi ndiye ninayechora. Aliona ni jibu zuri, akacheka mpaka akakohoa.

Kila Jumamosi mama alipanda na kiondo, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Ndani mlikuwa na sukari, majani ya chai, kipande cha sabuni, na wakati mwingine mkate uliobonyea. Shosho alitoa kila kitu, akakitundika kiondo msumarini, na hapo hapo akamkabidhi mama kile cha Jumamosi iliyopita, kimejaa nduma, ndizi, viazi, au mayai aliyoyafunga moja moja kwa maganda ya mahindi yasivunjike njiani. Kiondo kilicholeta kitu hakirudi kitupu. Hili hufundishwi, unakua nalo. Mwaka mmoja ambapo mvua ilikataa na shamba halikuwa na kitu, nilimwona shosho akijaza kiondo kuni, kavu, zilizokatwa fupi fupi zikatoshea, na mama akakipokea kwa mikono miwili, akasema asante kana kwamba Ruring'u hakuna kuni.

Kisha Jumapili jioni mama aliondoka. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuwahi kuizoea. Nilimfuata mpaka kwenye kijito, na pale kwenye kijito ilikuwa ni sheria kwamba narudi. Nililia. Nilirudi nikiwa nimelia, nikamkuta shosho ameketi kwenye kigoda, nikakaa kando yake mpaka giza likaingia. Ndugu zangu walikuwa mjini wakila mkate na kuona taa za barabarani, na mimi nilijiuliza nilichokosa ni nini hata nikawa ndiye wa kupelekwa. Swali hilo sikumuuliza mtu. Nilikua nalo, nikaenda nalo shule ya bweni, nikaenda nalo Nairobi kusomea uchoraji. Nikiwa huko ndipo shosho alipofariki, na nilifika nyumbani wakati wa kuzika tu.

Ukumbi wangu ulikuwa godauni ya zamani ya kahawa, mwendo mfupi kutoka uwanja wa Ruring'u. Bado inanuka magunia. Nilipaka kuta chokaa, nikapanga kila sanamu mbali na mwenzake, kila mmoja na dirisha lake, kwa sababu nilitaka anayeingia atembee kutoka upweke mmoja hadi mwingine bila njia ya mkato. Mlinzi nilimchonga kutoka nguzo ya ua ya mwerezi, mrefu, mwembamba, shingo imezama kwenye kola. Soja wa mlangoni, mzee mmoja mwenye koti la kijeshi na flaski, alidai tangu siku ya kwanza kwamba ni yeye. Nilimwambia nilichonga ile kazi kabla hata sijamfahamu. Alisema hilo halibadilishi kitu. Kila aliyeingia alionyeshwa kwanza Mlinzi, na soja akasimama kando yake, mkono mfukoni, kama ushahidi.

Watu walikuja. Sikutegemea. Walikuja walimu, wanafunzi waliotaka kupiga picha, wafanyabiashara waliokuwa wakipita, mzee mmoja Mwislamu kutoka upande wa Majengo aliyekaa mbele ya Mjane mpaka soja akamletea kiti. Na walikuja wanawake wa kanisa la mama, kwa sababu Nyeri hakuna siri, na mama alikuwa amewaambia kwamba haji.

Wa kwanza kati yao alikuwa jirani yake, mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Alizunguka godauni yote mikono ikiwa nyuma, akafika kwa shosho, akasimama.

"Huyu mama amekaa hivi tangu lini?"

"Ni sanamu, mama. Anaonyesha upweke."

"Naona ni sanamu. Kwani mimi ni kipofu?" Aliinama. "Na hii kiondo haina kitu?"

"Hapana. Ni kitupu makusudi. Utupu wenyewe ndio ujumbe."

Aliniangalia vile watu wazima wanavyomwangalia mtu aliyesoma kupita kiasi. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa pakiti ya sukari aliyokuwa amejinunulia, akaiweka ndani ya kiondo, akaenda zake. Nilidhani amechanganyikiwa. Lakini kabla ya jioni kulikuwa na majani ya chai juu ya sukari, na kesho yake kabichi nzima, na kesho kutwa yake viazi na maparachichi, na chupa ya maziwa iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni. Hawakuwa wakijadiliana. Walifika tu mbele ya mama mzee aliyeketi na kiondo kitupu, na mikono yao ikafanya ilichozoea.

Nilikasirika, sitaficha. Kazi iliyonichukua mwaka mzima ilikuwa ikigeuka kuwa kibanda cha mboga. Kila jioni nilikimwaga kiondo, nikampa soja vitu, na soja, ambaye alianza kunenepa, hakuona tatizo liko wapi. Niliandika kwa herufi kubwa: TAFADHALI USIGUSE. Wanawake walisoma, wakatii kabisa. Sanamu nyingine hawakuzigusa hata kwa kidole. Nilimkamata mmoja akiweka ndizi.

"Mama, si umesoma pale?"

"Nimesoma. Sijagusa. Nimeweka tu."

Nilitoka nje nikasimama barabarani mpaka nikapoa.

Wakati wote huo mama hakunipigia simu. Maonyesho yalikuwa yakielekea kuisha, na mimi kila mlango ulipolia niligeuka. Niliona aibu kwa kugeuka huko. Mtu mzima mwenye mvi, ukumbi umejaa watu wanaomsifu, naye anatazama mlango kama mtoto wa siku ya wazazi shuleni. Kazi zote zile zingeweza kununuliwa na yeyote, zikaandikwa magazetini, lakini kama mama angekaa nyumbani mpaka sanamu zifungwe kwenye magunia, basi mimi na yeye tungelibeba jambo hilo mpaka mmoja wetu amzike mwenzake. Nililijua hilo, na bado kiburi kilinizuia kumpigia. Mwishowe nilimpigia, Jumapili baada ya kanisa. Aliniambia habari za ng'ombe. Aliniambia habari za mvua. Tulipokaribia kuagana akauliza, kana kwamba ni jambo dogo, "Na watu wanasema nini huko?"

"Hawasemi. Wanaweka sukari kwa kiondo."

"Kiondo gani?"

"Ile ya shosho. Iko na laini ya buluu."

Nilimsikia akivuta kiti, akakaa.

"Hiyo maonyesho inaisha siku gani?" aliuliza.

Alikuja siku ya mwisho, Jumamosi, baada ya mvua ya asubuhi kukatika. Alifika kwa boda boda akiwa amekaa kiupande, sweta ya kanisa, kitambaa cheupe, viatu vya mpira kwa ajili ya matope. Hakunitafuta. Soja alimkaribisha, akaanza kumweleza kuhusu Mlinzi, na mama akamwambia kwa upole, "Nimekuona, baba," akampita. Mbele ya Msafiri alisimama. Ule ni mchoro mkubwa, mwanamume ameshikilia furushi pale kituo cha mabasi cha Kenol, wauzaji wa ndizi na mahindi ya kuchoma wamemzunguka, hakuna anayemwangalia yeye, wote wanaangalia madirisha ya mabasi.

"Huyu ni baba yako," mama alisema, bila kugeuka kuona kama niko nyuma yake. "Alikuwa anashuka hapo kila mara, ati kununua ndizi. Gari inamwacha. Anafika nyumbani usiku akiwa na ndizi."

Sikuwa nimemchora baba. Nilikuwa nimechora mtu yeyote. Lakini nilipoangalia tena, mabega yalikuwa ya baba.

Alipofika kwa shosho hakuangalia uso kwanza. Aliinama taratibu, mkono mmoja kwenye goti la sanamu kwa kujitegemeza, ile amri yangu ya kutogusa ikiwa juu ya kichwa chake, akapitisha kidole kwenye mstari wa buluu wa kiondo.

"Hii uzi nilitoa kwa blanketi," alisema. "Blanketi kuukuu ya hospitali, walikuwa wametupa. Nikafumua."

"Wewe?"

"Hii kiondo ni yangu. Nilisuka ukiwa umeenda Nairobi kusoma. Nilimpelekea sukari nayo, hiyo Jumamosi. Hata wiki haikuisha, majirani wakaniita, ameenda." Aliendelea kukishika. "Siku ya mazishi niliiona kwa msumari. Wewe ulikuwa unapeana chai. Nikaiangalia, nikashindwa kuichukua. Ningeichukua aje, na haina kitu? Mama hajawahi kunirudishia kiondo tupu. Nikaiacha hapo hapo."

Alinyanyuka, na sasa alikuwa akiuangalia uso wa sanamu. Aliuangalia kwa muda mrefu. Watu wawili watatu waliokuwa karibu walisogea kando wenyewe.

"Mikono ni ya mama. Hapo hujakosea. Hata hicho kidole kilikatwa na panga, umekumbuka." Alinigeukia. "Lakini hii uso si yake."

"Ni ya nani?"

"Ni yako. Hujiangaliangi kwa kioo?"

Soja, ambaye hakuna aliyemuuliza, alitikisa kichwa kukubali.

"Mama hakuwa anaangalia ukuta," aliendelea. "Alikuwa anaweka kigoda aangalie mlango. Saa ya watoto kutoka shule, hakuna mtu angemtoa hapo. Sasa niambie, mama. Kwa hii kitu yako yote, wewe ulikuwa wapi?"

Jibu lilinitoka kabla sijafikiri, lile lile la ukuta wa ghala. "Mimi ndiye nilikuwa nachonga."

Hakucheka kama shosho.

"Nilikuwa na watoto wanne. Huyo mzee angekaa pale na baridi, haongei na mtu mpaka Jumamosi. Nikachukua yule ako na jina yake, nikampatia. Yule nilikuwa namwita mama. Wengine nilibaki nao, wewe nikapeana." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeeleza bei ya maziwa. "Na unaniambia ati nilimwacha peke yake. Sikumwacha peke yake. Nilimwachia wewe."

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya saruji. Lile swali nililolibeba tangu kwenye kijito, nilichokosa ni nini, lilikuwa limejibiwa, na jibu lilikuwa kwamba sikukosa kitu. Nilikuwa ndicho kitu cha thamani alichokuwa nacho, na alikitia kwenye mkono wa mama yake. Na mimi nilikuwa nimechukua upweke wangu wa Jumapili jioni, nikauchonga kwa gogo la shosho, nikampa mikono yake, kisha nikauita wake. Nilimwambia anisamehe. Sijui kama alisikia, maana alikuwa akitafuta mahali pa kukalia.

"Ulikuwa unalia hapo kwa mto," alisema alipokaa. "Ulidhani sisikii. Mimi nilikuwa nalia kutoka hapo mpaka steji. Nikifika steji napanguza uso, naingia gari."

Soja alimmiminia chai kutoka kwenye flaski yake. Mama alikunywa, akarudisha kikombe, akaninyooshea kidole na kumnyooshea soja.

"Sasa mgeuzeni."

Shosho wa mukima ni mzito. Tulimsukuma mimi na soja, pamoja na yule mzee wa Majengo aliyekuwa amerudi kumwona Mjane, kigoda kikikwaruza sakafu, mpaka akauelekea mlango. Nilirudi nyuma nikaangalia. Ilikuwa kazi nyingine kabisa, na ninasema kwa uchungu wa fundi, ilikuwa bora. Kwa mlango ule uliokuwa wazi, na watoto wa mtaani wakipita na mpira wao kuelekea uwanjani, hukuona tena mtu aliyeachwa. Ulimwona mtu ambaye hajala kwa sababu kuna mwenzake hajafika.

Kisha nikakiinua kiondo. Siku hiyo walikuwa wameweka pakiti ya sukari, viazi, maparachichi na majani ya chai. Kwa mara ya kwanza sikuwa nimekimwaga. Nilimpa mama kwa mikono miwili.

Alichungulia ndani. "Hii yote ni ya nani?"

"Ni yako. Shosho amerudisha."

Hakukipokea mara moja. Aliingiza mkono, akavipapasa vitu kimoja kimoja, akaitoa sukari.

"Mama hajawahi kuniwekea sukari," alisema. "Angetoa wapi?" Alicheka, kicheko kifupi, halafu akavuta ncha ya kitambaa chake akajifuta macho, na akaendelea kujifuta kwa muda. Kisha akapokea kiondo kwa mikono miwili, akasema asante. Hakuwa akiniangalia mimi alipoisema.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Aliikataa boda boda mpaka ikatafutwa ya dereva anayeendesha polepole. Aliweka kiondo mapajani, akakikumbatia, na wakaondoka kupanda kilima. Jioni tulifunga sanamu kwenye magunia. Pale alipokuwa ameketi Anayengoja palikuwa na doa la mviringo kwenye vumbi la sakafu, mahali kiondo kilipokuwa, na sikulipangusa.

Ninaishi peke yangu Ruring'u, chumba cha juu nyuma ya duka la kusaga unga, karibu na mahali ambapo mama alipanga zamani. Jumamosi iliyofuata alinibishia mlango. Alikuwa amepanda ngazi kwa shida na hakutaka nimsaidie. Alikuwa na kiondo cha mstari wa buluu, kamba kwenye paji la uso, na ndani mlikuwa na nduma, kipande cha sabuni na mkate. Alitoa kila kitu akakiweka mezani, akaangalia ukutani mpaka akaona msumari, akakitundika kiondo. Tulikunywa chai. Alilalamika kuhusu vumbi la unga, akaniuliza kama ninalala vizuri, akaniita mama, akaondoka bila kiondo.

Bado kiko pale msumarini ninapoandika haya, na kesho ni Jumamosi. Nimenunua mayai, nimeyafunga moja moja kwa maganda ya mahindi kama alivyoyafunga shosho, nikaongeza ndizi, nikaongeza sukari, na kila nikikiangalia naona bado hakijajaa.